Miwani ya Watu wa Kalamu

Bitutu aliamini kwamba chai ndiyo iliyoharibika. Ukiambiwa leo kwamba mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyechuna chai miaka kumi na sita, aliulaumu mti badala ya jicho lake, utacheka. Lakini ngoja kwanza usikie. Macho ya Bitutu yalikuwa na sifa katika Divisheni ya Tatu nzima. Asubuhi, ukungu ukishapanda, alisimama mlangoni kwake akakuambia kwamba trekta inayoshuka kilima cha tatu ni ile yenye taa moja, na kwamba yule anayekuja kutoka upande wa Sotik amebeba kuku mweupe kwapani. Ukisubiri, kuku anafika, na kweli ni mweupe. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba haoni?

Hata yeye hakujiambia. Ila kwa miaka minne hivi vitu vya karibu vilikuwa vimeanza kumkimbia. Uzi ulikataa kuingia sindanoni. Maharagwe aliyoyachambua yalikuwa na mawe, na binti yake Nyanchama alikuwa akiyatema bila kusema kitu, maana alikuwa mtoto wa adabu. Mwisho ikaja zamu ya chai. Bitutu akiinama juu ya mti hakuona majani wala chipukizi. Aliona kijani kimoja kilichovurugika kama mboga iliyopikwa ikapitiliza. Akatafuta sababu, akaipata: kampuni ilikuwa imepanda chai ya aina mpya ng'ambo ya mto, na hiyo chai mpya imeharibu ya zamani. Aliwaeleza wenzake habari hiyo kwa uhakika mkubwa, na wawili watatu wakamwamini.

Sheria ya majani ilikuwa fupi: majani mawili na chipukizi chake, basi. Jani la tatu, lile gumu, kiwanda hakilitaki. Kila saa sita na kila saa kumi wachunaji walipanga mstari kwenye banda la mizani. Kabla kikapu hakijapimwa, nyapara Bogonko alitia mkono ndani, akachota konzi moja, akaamua. Majani yakiwa mazuri alisema, "Pima." Yakiwa mabaya hakusema neno. Alikipindua kikapu kwa mguu, majani yakamwagika kwenye tope mbele ya macho ya watu wote. Ukimwagiwa mara tatu katika msimu mmoja, namba yako ya kudumu inafutwa, unapewa jembe ukalime magugu kama kibarua.

Bitutu alikuwa amekwisha kumwagiwa mara mbili.

Na namba haikuwa mchezo. Katika shamba lile mema ya kampuni yalishuka kutoka juu kama maji ya mfereji mmoja: aliye juu ananywesha hata maua, aliye chini anangoja tone. Meneja alikuwa na nyumba ambayo vyumba vyake wachunaji hawakuwahi kuvimaliza kwa kuhesabu, maji moto yaliyotoka ukutani, daktari wa kumfuata hadi kitandani, na likizo ya kwenda kwao kwa ndege. Karani alikuwa na vyumba viwili, bomba lake mwenyewe, na umeme mpaka saa nne. Nyapara alipewa koti la mvua na buti. Mchunaji mwenye namba alipata chumba kimoja kwenye laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, unga wa posho, kitanda cha zahanati akiugua, na nafasi ya watoto wake katika shule ya kampuni. Kibarua alipata jembe, na jembe lenyewe alilirudisha stoo jioni.

Bitutu alikuwa mjane. Mumewe alizikwa kwao Nyamira, na shamba la mumewe lililimwa na shemeji zake, watu ambao walimsalimu vizuri sana ilmradi asiulize habari za mipaka. Nyanchama alikuwa darasa la saba, mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na huu ulikuwa wa sita. Namba ikifutwa leo, kesho ufunguo unarudi ofisini, na keshokutwa Nyanchama hana dawati. Ndiyo maana baada ya kumwagiwa mara ya pili Bitutu alifikiri upya. Wenzake walichuna miti ile ile na majani yao yalipita. Basi kosa haliko kwa chai, alijiambia. Kosa liko kwa mikono. Mikono yangu imeugua.

Jumatano aliomba ruhusa, akafunga machipukizi machache ya chai kwenye kitambaa, akaenda zahanati kutafuta dawa ya mikono.

Siku hiyo zahanati haikuwa ya kawaida. Mara moja kwa mwaka duka moja la miwani la Nairobi lilileta mtu wa kupima macho, na kampuni ililipa. Meneja na wenzake walikuwa wamepimwa asubuhi, wameketi kwenye viti. Sasa zamu ilikuwa ya watu wa benchi. Mlangoni alikaa karani mkuu, Nganga, mwanamume mnene mpole wa sauti, mwenye miwani ya fremu nyeusi na karatasi ya majina magotini.

"Mama, wewe ni nani kwa hii listi?" Nganga aliuliza.

"Mimi nimekuja kwa sababu ya mikono, karani."

"Mikono ni dirisha ile ingine. Hapa ni macho. Na macho yenyewe ni ya watu wa kalamu na madereva."

Madereva waliingia kwenye orodha kwa sababu lori ni ghali. Mwaka mmoja dereva aliligonga daraja, lori likaingia mtoni na mzigo wake, ndipo kampuni ikagundua kwamba binadamu ana macho. Mchunaji hakuwa amegonga kitu. Akikosea, hasara ilimwagika chini, ikamwangukia yeye mwenyewe.

Bitutu alifungua kitambaa chake. "Angalia basi, wewe unasoma. Hii ndiyo mikono yangu ilichuna jana. Imesahau kazi. Nyapara amenimwagia mara mbili, na ya tatu ndiyo kwaheri. Nipe dawa tu niende."

Walioketi benchini walicheka, si kwa ubaya. Lakini ndani ya chumba kuna mtu hakucheka. Alitoka mlangoni msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, koti jeupe, nywele amezifunga nyuma. Bitutu alikuwa amemtarajia Mzungu au Mhindi mzee. Huyu aliitwa Nyathira, baba yake alikuwa na duka Kedowa, na alikuwa amesomea kazi ya macho Nairobi miaka mitatu.

"Mama, nionyeshe hiyo majani," alisema Nyathira. Akachukua kichipukizi kimoja akamshikisha Bitutu. "Sasa wewe niambie. Iko na jani ngapi?"

Bitutu alikisogeza mbali na uso ili akione. Akakisogeza tena. Mkono ulienda, ukaenda, mpaka ukaisha.

"Ingia ndani, mama," alisema Nyathira.

"Huyu hayuko kwa listi!" alisema Nganga.

"Sijamwandika. Nimemwambia tu aingie."

Ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya spiriti. Nyathira alimkalisha, akamulika macho yake kwa kitochi kidogo, huku akibadilisha vioo na kuguna peke yake. Kisha akamwambia kwamba mikono yake ni mizima, macho ndiyo yaliyochoka.

Bitutu alikasirika. "Macho? Mimi? Mwanangu, angalia kule nje, barabara ya Kericho. Yule mzee kwa gari ya ng'ombe amevaa kofia imetoboka juu."

Nyathira aliangalia dirishani. Hakuona kofia, mzee mwenyewe alimwona kwa shida. Akacheka mpaka akashika meza. "Sikatai. Ya mbali unatushinda sisi wote. Ni ya karibu imekuhama. Umri ukifika arobaini na kitu, macho inaanza hivyo. Hata ya meneja. Yeye tu amepewa dawa yake."

Alimvika usoni chuma cha kujaribia, kitu cha ajabu chenye magurudumu mawili na skrubu, kama kimetolewa kwenye baiskeli. Ukutani palikuwa na karatasi ya herufi, lakini herufi na Bitutu hawakujuana. Basi Nyathira akapanga machipukizi ya chai juu ya kitambaa cheupe, akaanza kutia vioo, kimoja baada ya kingine. Hiki? Hapana. Na hiki? Kidogo. Hiki je?

Bitutu akainama karibu.

Mbele yake, juu ya kile kitambaa, lilikuwa jani la chai. Lilikuwa na meno ukingoni, madogo madogo, yamepangwa sawasawa kuzunguka pande zote bila kuruka hata moja. Lilikuwa na mshipa katikati, na mishipa mingine iliyotoka humo ikaenda kukutana karibu na ukingo. Na chipukizi, kile kitu alichokikata kwa kidole gumba mara elfu kwa siku, kilikuwa kimejikunja kwa uangalifu, na juu yake kulikuwa na vinyweleo vyeupe, laini kama vya sikio la mtoto mchanga. Juu ya vinyweleo alitembea mdudu mdogo kuliko punje ya unga.

"Ana miguu," alisema Bitutu.

"Nani?"

"Huyu. Ana miguu, zote."

Aliogopa, na alifurahi, na hakujua ni kipi kilitangulia. Akaichukua mikono yake akaileta mbele ya vioo, akashtuka. Mikono ile ilikuwa ya mama yake. Ngozi nyeusi kwa utomvu wa chai, imepasuka kwenye viungo, kucha moja imegawanyika. Ilikuwa imezeeka lini? Hakuna aliyemwambia. Akaangalia kanga yake, akaona nyuzi: mmoja unapita juu, mwingine chini, juu, chini, nguo nzima, na yeye alikuwa akiifunga kiunoni kila siku akidhani ni kitu kimoja. Machozi yakaja yakaharibu kila kitu. Nyathira akayafuta, akafuta na vioo, na ulimwengu ukarudi vilevile.

"Kila jani iko hivi?" Bitutu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila jani, mama."

"Hata zile za ng'ambo ya mto? Zile hakuna mtu anafika?"

"Hata hizo."

Bitutu alifikiri juu ya vile vilima vyote, kuanzia pale mpaka Litein na kupita, na kila jani na meno yake. "Na hakuna nyapara wa kukagua," alisema. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Lakini Bitutu siku ile alitosheka na jani moja.

Kisha ikabidi chuma kile kivuliwe, maana kilikuwa kimoja tu na cha kazi. Ukungu ukarudi. Na sasa uchungu ulikuwa mpya, kwa sababu jana hakujua anachokosa, leo anajua.

Nyathira alitoka naye mpaka mlangoni. "Karani, huyu mama anahitaji miwani. Na ile yake si ghali, ni ile rahisi kabisa. Muandike."

Nganga aliinua fomu. "Niandike wapi? Angalia mwenyewe. Jina, namba, cheo. Hapa kwa cheo kuna meneja, stafu, dereva. Nikiandika mchunaji, ofisi kubwa itaniuliza kama nimelewa. Wachunaji ni elfu na kitu. Meneja atataka ushahidi. Nimpelekee nini? Nimwambie mama ameona mdudu na miguu yake?"

Hakuwa mtu mbaya, Nganga. Alikuwa mtu aliyefika mahali pazuri kwa kufuata mistari iliyokwisha kuchorwa, na hakuwahi kuona mstari ukiongezwa.

"Basi nitakupa ushahidi," alisema Nyathira. "Kesho asubuhi achune kikapu moja na hii vioo yangu. Mimi nitakaa hapo. Ikipita mizani, utamuandika. Isipopita, nitanyamaza niende Nairobi."

Nganga alikubali upesi. Alijua nyapara Bogonko hapitishi kitu kirahisi.

Bitutu pia alijua, na usingizi haukumchukua vizuri. Kikapu cha kesho kikimwagwa, ndicho kingekuwa cha tatu.

Asubuhi waliingia shambani na ukungu. Bitutu alilaza ufito wake juu ya miti, ule ufito mrefu ulionyooka ambao mchunaji huuweka ili ajue kimo cha kuchuna. Nyathira akamvika chuma usoni na kukifunga kisogoni kwa utepe. Wanawake wa mistari ya jirani walisimama na vikapu migongoni, wakamtazama.

"Mama Nyanchama, sasa wewe ni trekta!" alisema Nyambeki, jirani yake wa laini. "Washa hiyo taa tuone!"

Walicheka wote, na Bitutu naye akacheka, kisha akainama. Hapo kicheko kikamwisha. Miti ilikuwa mbele yake kama watu waliojitokeza kumsalimia, kila kichipukizi kimesimama peke yake, na juu ya kila kimoja tone la umande. Jani gumu lilikuwa na kijani chake, jani changa na kijani chake. Hata mtoto angelijua hili na lile. Vidole vilivyokuwa vikipapasa miaka minne vilianza kwenda vyenyewe. Alichuna hili, akaliacha lile, akaruka moja linalohitaji siku tatu zaidi. Akiinua kichwa alikuta dunia ya mbali imepotea, vilima vimekuwa moshi, maana vioo vile vilikuwa vya karibu tu. Hakujali. Vilima alikuwa amevitazama vya kutosha. Aliinama tena, na kila alipoinama alishangaa upya, na mara mbili alijikuta akiomba msamaha kwa chai kwa yale aliyoisingizia.

Saa sita kikapu kilikuwa kimejaa. Walishuka kwenye banda la mizani: Bitutu na chuma chake usoni, Nyathira, na Nganga aliyekuja kushuhudia akiwa na karatasi zake kwenye mkoba wa ngozi. Wanawake arobaini walikuwa kwenye mstari, na trekta ilikwisha kufika, injini inanguruma.

Bogonko alisimama mahali pake chini ya paa la bati. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na mbili, mvi pembeni, na watu walimwogopa kama mvua ya mawe. Alimwona karani mkuu, akamwona na msichana wa Nairobi, akajinyoosha. Hakupenda kukaguliwa kwenye banda lake. Bitutu aliweka kikapu chini.

"Mama Nyanchama. Tena wewe," alisema Bogonko.

Alitia mkono, akachota konzi, akaisugua kwa kidole, akaishika mbali kidogo na mwili. Halafu akainua mguu, na kikapu kikapinduka.

Majani yalimwagika kwenye tope. Akilini Bitutu alimwona Nyanchama amebeba godoro. Hakuwaza kitu kingine, ila godoro, na barabara ya kwenda kusikokuwa na mtu wa kuwapokea.

"Lakini hii ni mazuri!" alisema Nyathira kwa nguvu. "Hata mimi mtoto wa duka naona!"

Nganga aliinama, mkono mmoja tumboni, akaokota machache. Aliyatazama kupitia miwani yake ya kampuni. Akaokota mengine. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Hakuona jani la tatu hata moja.

"Bogonko," alisema polepole, "hii majani iko na shida gani?"

"Ni magumu."

"Magumu wapi? Hebu nionyeshe." Nganga akamletea kichipukizi karibu na uso.

Bogonko akarudisha kichwa nyuma. Alikirudisha tena, shingo ikakaza, macho yakajikunja, na mkono wake ukaukamata mkono wa karani na kuusukuma mbali, mbali zaidi, mpaka ukaisha.

Wengine huenda hawakuelewa. Bitutu alielewa pale pale. Mtu huyu, ambaye neno lake lilitoa watu nyumbani kwao, alikuwa kwenye ukungu ule ule. Kwa miaka mingapi? Alikuwa akihukumu kwa kupapasa na kwa kukumbuka nani alimwagiwa jana. Hasira ilimpanda Bitutu. Neno moja tu angesema, na wanawake arobaini wangempigia Bogonko kelele hadi ofisini, naye angeshika jembe jioni hiyo hiyo. Alikuwa na haki ya kulisema.

Lakini alichungulia juu ya vioo, akauona uso wake. Bogonko alikuwa na hofu, hofu ile ile aliyokuwa akiamka nayo yeye kila asubuhi.

Bitutu akafungua utepe kisogoni. "Baba, simama kidogo," alisema. Akamvika kile chuma.

Ajabu ni kwamba Bogonko alitulia. Aliutazama mkono wake mwenyewe, aligeuza kiganja, akakigeuza tena. Kisha akatazama chini. Taratibu, kwa buti zake na koti lake la kampuni, nyapara akapiga magoti kwenye tope, akaokota jani moja. Akalitazama. Akaokota lingine. Nyambeki alitoka mstarini kuja kusaidia.

"Wacha," alisema Bogonko. "Mimi ndiye nilimwaga."

Aliyaokota yote, akiyapangusa tope na kuyarudisha kikapuni. Alipofika nusu aliuliza bila kuinua kichwa, "Na ile ya juzi, mama? Ile pia ilikuwa hivi?"

"Ya juzi sijui, baba," alisema Bitutu. "Ya juzi sisi wawili hatukuiona."

"Na ya Mokeira? Na ya yule mama wa Atuti?" Hao walikuwa wamefutwa namba wakaondoka msimu ule ule, na vyumba vyao vilikuwa na watu wengine. Aliinua uso kuwauliza wanawake, lakini kwa vioo vile hakuona nyuso, aliona vivuli tu. Wao walimwona vizuri.

Nganga alifungua mkoba wake. Alikuwa ametikiswa, na mtu akitikiswa hukimbilia kazi anayoijua. "Nyapara, wewe naweza kukuandika hata sasa," alisema. "Wewe unashika kitabu cha zamu, na kitabu ni kalamu. Hiyo haina taabu. Sasa mama..."

"Andika yeye kwanza," alisema Bogonko.

"Fomu haina nafasi yake."

Bogonko alisimama, tope limemjaa magotini. Alivua kile chuma akamrudishia Bitutu mkononi. "Basi hata mimi usiniandike. Na leo sitasema 'pima'. Nitasemaje, na sioni? Hiyo vikapu yote ikae hapa."

Nganga alitazama mstari wa vikapu arobaini. Chai iliyochunwa hainyamazi kikapuni; inapata joto, inageuka nyekundu, na kiwanda kinataka kujua ni nani aliyeichelewesha. Dereva wa trekta akapiga honi. Jasho lilimtoka karani mkuu. Akaweka fomu juu ya ubao wa mizani, akaandika jina la Bitutu na namba yake. Kwenye cheo kalamu ilisimama. Kisha akapiga mstari mpya kwa mkono, chini ya ile iliyochapwa, akaandika: mchunaji.

"Pima ya Bitutu," alimwambia mtu wa mizani. Halafu akatoa kidau cha wino. "Mama, weka kidole hapa."

Bitutu alipanguza kidole gumba kwa kanga, akakichovya, akakikandamiza kwenye karatasi. Alikuwa ameweka kidole hivyo mwisho wa kila mwezi kwa miaka kumi na sita, na siku zote alidhani anaacha doa. Alivaa kile chuma, akainama kutazama.

Halikuwa doa. Ilikuwa mistari, mingi na myembamba, inazunguka kitu mfano wa kilima kidogo, mmoja ndani ya mwingine, jinsi safu za chai zinavyozunguka mlima, na hakuna uliomgusa mwenzake.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni wewe, mama," alisema Nyathira. "Hakuna mwingine duniani mwenye kama hiyo."

"Hata meneja?"

"Hata yeye."

Honi ililia tena. Bitutu hakuinua kichwa, na hakuna mtu aliyemharakisha.